Mpangishaji Ahame

Tuliachana wiki jana mguu ukiwa unaning'inia, na najua mmenisema vibaya siku saba nzima. Kuna mmoja alinisimamisha sokoni, vitunguu mkononi, akanikaba kwa swali: "Ule mguu ni wa nani?" Haya, shusheni pumzi. Mguu ulikuwa wa mwenye nyumba.

Ulitoboa dari ya chumba cha Mama Cherehani saa tano asubuhi, ukatokeza hadi pajani, ukabaki pale juu ya mashine ya kushonea ukipiga mateke hewani. Kiatu cheusi kilichong'arishwa, suruali ya kitambaa cha maana. Mguu wa pili na vingine vyote vilibaki juu ya paa. Mdomo nao ulikuwa huko huko, maana makelele yalitokea huko.

Kama wewe umeliokota gazeti hili leo kwa nia ya kufungia vitumbua, nakupa mambo kwa ufupi kabla hujalichana. Mwenye nyumba huyu wapangaji wanamwita Mzee Kesho. Dari inavuja? Kesho. Choo kimeziba? Kesho. Mlango wa bafu umeng'oka bawaba? Kesho, mwanangu, asubuhi na mapema. Miaka miwili Mama Cherehani alimwomba atengeneze paa, na miaka miwili alijibiwa neno moja.

Lakini siku alipotaka mama wa watu ahame, kesho yake ikampotea ghafla. Ikawa Jumamosi hii hii, saa sita kamili mchana, chumba cha uani kiwe kitupu. Kwa nini saa sita, na kwa nini Jumamosi, hakuna aliyejua.

Mama Cherehani alisema hana pa kwenda. Miaka kumi na moja anashona pale, wateja wote wanaujua ule mlango wa barabara ya nyuma, na mama yake mzazi alivunjika nyonga, analala kitandani kando ya mashine. Utambeba mgonjwa wa nyonga umpeleke wapi? Mzee Kesho hakutaka kusikia. Akapanda juu ya paa na nyundo ili ayang'oe mabati, mpangaji atoke mwenyewe bila kusukumwa.

Alichosahau ni kwamba mbao za paa lile zimenyeshewa miaka miwili kwa uzembe wake mwenyewe, na zilikuwa zimeoza kabisa.

"Nisaidieni!" mdomo ukapiga kelele kutoka juu.

Mama Cherehani alikuwa na pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, ndipo akainua uso.

"Nani huko?"

"Unauliza nani! Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mwenye nyumba wako!"

"Aa, Mzee! Karibu ndani."

Kutoka kitandani Bibi, yaani mama yake, akajigeuza kidogo. "Nani kaingia?"

"Mwenye nyumba, mama."

"Mbona hajabisha hodi?"

"Acheni mzaha!" Mzee Kesho akafoka. "Msumari umeishika suruali, ubao umenibana paja, na ngazi imeanguka huko nje. Toka uniinulie ngazi!"

"Pole sana, Mzee. Ngazi nitaiinua."

"Haya, fanya upesi!"

"Kesho."

Mguu ukaacha kupiga mateke. Vumbi la dari likaendelea kudondoka taratibu juu ya kitambaa cheupe.

"Umesemaje wewe?"

"Nimesema kesho, Mzee. Asubuhi na mapema. Leo nina sare thelathini na mbili za wauguzi, Jumatatu zinachukuliwa. Na saa sita nahama. Sidhani kama nitapata nafasi."

Msije mkamwona mkorofi. Huyu mama ni mtu wa salamu na pole, mtu anayemrudishia mteja hata kipande cha kitambaa kilichobaki. Lakini miaka miwili ya kuhamisha beseni kila mvua, miaka miwili ya kumfunika mama yake mzazi kwa nailoni kama gunia la sukari, inamtoa mtu adabu. Mimi simlaumu.

Mguu ukarusha teke la hasira. Kiatu kikachomoka, kikatumbukia chubwi ndani ya beseni la kukingia maji. Soksi ikabaki peke yake, na mbele ya soksi kidole gumba kimetoka nje kuangalia mambo.

"Kidole hicho kinahitaji kukatwa kucha," Bibi akasema.

"Mama!"

"Nimesema uongo?"

Mama Cherehani akavuta kiti, akaketi chini ya mguu. "Mzee, tuzungumze kama watu wazima. Nikiinua ngazi, notisi unaifuta?"

"Nifute? Barua ina muhuri wa ofisi ya mtaa! Karani anakuja saa sita akutoe. Nami nitakaa hapa hapa nishuhudie kwa macho yangu!"

"Macho yako yako nje, Mzee. Humu ndani umeleta mguu tu."

Akaweka kitambaa, akaanza kukanyaga mashine. Trrr, trrr, mguu ukining'inia pembeni ya utosi wake, naye anapinda mikono ya sare kana kwamba hakuna jambo.

Haikupita nusu saa mlango ukasukumwa. Aliyeingia ni Mama Mwenye Nyumba, mke wa mguu, kutoka nyumba kubwa ya mbele. Mwanamke mwenye sauti ya kuita watu waliovuka barabara. Tena si rafiki wa Mama Cherehani. Mwaka juzi alishonewa gauni, likambana kifuani, na mpaka leo anamlaumu fundi badala ya sufuria.

Akasimama. Akautazama mguu kuanzia kidoleni kwenda juu.

"Huyu si mume wangu?"

"Ni mimi, mama watoto," dari ikajibu kwa sauti ya upole.

"Si uliniaga unakwenda kikaoni?"

"Nilipita hapa mara moja."

"Umepitia darini?" Akasogea, akagusa ubao uliokuwa unaning'inia. Ukavunjika mkononi kama mkate uliolowa. "Na dari hii si uliniambia uliitengeneza mwaka jana?"

"Nilianza."

"Ulianzia wapi?"

"Nilianza kupanga."

Mama Mwenye Nyumba akafyonza. Lakini msimfurahie mapema, maana akamgeukia Mama Cherehani na kidole juu. "Na wewe fundi, usidhani mguu huu umekuokoa. Mume wangu akisema saa sita, ni saa sita. Vyombo vyako mbona bado viko ukutani?"

Mama Cherehani akaacha kukanyaga mashine. Utani wote wa asubuhi ulikuwa ujasiri wa kuazima, na sasa ulikuwa umekwisha. Akamtazama mama yake kitandani, akazitazama sare, akaitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini.

"Hodi humu ndani!"

Alikuwa karani wa ofisi ya mtaa, amewahi, faili kwapani, muhuri ndani ya mfuko wa shati. Kijana mmoja mkavu, nadhifu, mwenye kuamini kwamba kitu kisichoandikwa hakijatokea. Akamwamkia Bibi, akawaamkia akina mama wawili, kisha akainua uso.

"Shikamoo, Mzee," akauambia mguu.

"Marahaba! Mtoe huyu mwanamke!"

"Kwa utaratibu, Mzee. Lazima notisi isomwe mbele ya wahusika. Barua iko wapi?"

Mama Cherehani akaitoa chini ya mashine, ilikolala siku saba. Karani akaikunjua, akakohoa, akasoma kwa sauti ya kusimamisha watu barabarani.

"'Yah: Notisi ya kuhama. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa barua hii, mpangishaji wa chumba cha uani anatakiwa kuhama, yeye, familia yake na vyombo vyake vyote, ifikapo Jumamosi saa sita kamili mchana, bila kisingizio chochote. Mpangishaji asipohama atatolewa kwa nguvu.'"

Akarekebisha miwani yake. Akarudi juu kwa kidole, neno kwa neno.

"Mpangishaji?"

"Ndiyo, mpangishaji!" dari ikanguruma. "Mtoe!"

"Mzee, mpangishaji ni nani?"

"Si huyo hapo anayeshona!"

"Huyo ni mpangaji. Aliyepanga ni mpangaji. Aliyempangisha ndiye mpangishaji." Karani akashusha barua. "Yaani wewe."

Wasomaji wangu, mtu huyu angeandika mpangaji, neno la kila siku ambalo hata kuku wa uani wanalijua, yangekwisha. Lakini Mzee Kesho alitaka barua yenye uzito. Akaona mpangaji ni neno jepesi, la mtaani, halifai kukaa karibu na muhuri. Akalitafutia refu.

"Barua ya ofisi inataka neno kubwa!" akajitetea.

"Kubwa umelipata, Mzee."

"Na wewe si ndiye uliyeipiga muhuri?"

"Mimi napiga muhuri. Sisahihishi insha."

"Basi futa hilo neno!"

"Barua iliyopigwa muhuri haifutwi. Andika nyingine, na siku zinaanza kuhesabiwa upya. Lakini hii iliyopo inafanya kazi." Karani akaangalia saa yake, akamgeukia Mama Mwenye Nyumba kwa heshima zote. "Mama, zimebaki dakika kumi. Vyombo vyako viko wapi?"

"Vyombo vyangu mimi?"

"'Yeye, familia yake na vyombo vyake vyote.' Nasoma kilichoandikwa, mama."

Bibi akaanza kucheka. Alianza kimya kimya, nyonga ikamuuma, akaendelea kucheka hivyo hivyo huku akiugulia. Mama Mwenye Nyumba akashika kiuno. Kule juu Mzee Kesho akatapatapa, mabati yakapiga kelele, na ndipo hofu ilipomfungua mdomo kuliko alivyokusudia.

"Ngoja! Ngojeni! Mpangishaji si mimi! Barua hiyo hainihusu! Angalieni hati, nyumba ni ya mke wangu!"

Bibi akaacha kucheka.

"Umesemaje?" Mama Mwenye Nyumba akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata mlangoni.

"Nimesema... ile hati..."

"Nyumba hii aliijenga shangazi yangu. Alipofariki nilikuwa naumwa, wewe ukaenda ofisini, ukarudi ukaniambia aliiandika kwa jina lako."

"Nilikuwa nakupunguzia mawazo."

"Miaka kumi na minne?"

"Mawazo yalikuwa mengi, mke wangu."

"Miaka kumi na minne nakuomba ruhusa ya kupaka rangi jiko langu mwenyewe!"

Mguu ukajikunja. Karani, ambaye mambo ya ndoa hayamo ndani ya faili lake, akaona afafanue. "Kwa hiyo, kwa mujibu wa hati, mpangishaji ni mama. Yaani mzee amemtoa mama."

"Amenitoa mimi?"

"Kwa muhuri."

Mama Mwenye Nyumba akavuta pumzi ndefu. "Karani, mpangishaji akisema notisi hii haina kazi?"

"Akisema mpangishaji, imekufa."

"Basi izike."

Akageuka, akakitazama chumba. Alikuwa hajakanyaga humo tangu lile gauni. Akaliona beseni, akaiona nailoni juu ya kitanda, akayaona madoa ya ukungu ukutani juu ya kichwa cha mgonjwa.

"Bibi, hapa ndipo unapolala?"

"Nalala, mvua ikiniruhusu."

Mama Mwenye Nyumba akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Fundi, hutoki. Na dari hii inatengenezwa wiki hii. Atakayeitengeneza ameshapanda."

Mama Cherehani alilia. Alilia wazi wazi, mikono imeshika ukingo wa mashine, kwa furaha ya mtu aliyekuwa na dakika tano tu za kuwa na kwao. Hata mimi niliyeandika habari hii nilisimama kidogo nikapenga kamasi.

Hapo ningeweka nukta, mkalala vizuri. Lakini Mama Mwenye Nyumba akauliza swali moja zaidi.

"Hati yangu iko wapi?"

"Iko pa salama," dari ikasema haraka mno.

Koti la Mzee Kesho lilikuwa nje, kwenye kamba ya nguo, alikolitundika kabla ya kupanda. Mkewe akatoka, akarudi nalo, mkono tayari umo katika mfuko wa ndani. Hati haikuwamo. Ilitoka karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

"Hiyo usiisome! Hiyo ni ya kikao!"

Akampa karani, karani akasoma.

"'Makubaliano ya mauziano. Chumba cha uani pamoja na kiwanja chake hadi barabara ya nyuma kinauzwa. Mnunuzi atakabidhiwa kikiwa kitupu siku ya Jumamosi, saa saba mchana.'"

Ni Jumamosi hiyo hiyo. Sasa mmejua kwa nini ilikuwa lazima saa sita.

"'Muuzaji...'" Karani akasita. "Jina lako, mama. Na saini yako."

"Sijasaini kitu mimi!"

"Saini ipo."

"Ameighushi huyo!"

"Ingekuwa rahisi kusema hivyo, mama. Ila kuna shahidi. Amethibitisha kwa mkono wake kwamba alikuona ukisaini kwa hiari yako."

"Shahidi gani huyo?"

Karani alisoma jina. Halafu akaelekeza macho kwenye mashine.

Mama Cherehani akasogea, akaitazama ile karatasi. Chini kabisa, kwenye nafasi ya shahidi, ilikuwepo saini yake mwenyewe, ile ya herufi kubwa zilizopinda. Hakuna aliyeighushi. Miezi miwili nyuma Mzee Kesho alikuja na karatasi iliyokunjwa, ncha ya chini tu ikionekana, akamwambia, "Weka jina hapa, fundi, dari itengenezwe." Aliweka. Kwa furaha aliyokuwa nayo alimshonea na vifungo viwili vya shati bila malipo.

"Kumbe mlikuwa wawili," Mama Mwenye Nyumba akasema.

"Hapana, mama! Aliniambia ni karatasi ya ukarabati!"

"Hukuisoma?"

"Sikuisoma."

"Mtu mzima na akili zako, unatia saini bila kusoma? Unifanye mjinga mara mbili kwa siku moja? Neno langu nalirudisha. Fungasha utoke, na huyo mnunuzi akija nitapambana naye mwenyewe."

Jibu la kumwokoa lilikuwa moja tu, na Mama Cherehani alikuwa amelificha miaka kumi na moja. Mteja akimwandikia vipimo, yeye hufunga mafundo kwenye uzi na kusema ndivyo alivyofundishwa. Ndiyo maana hata barua ya notisi ililala siku saba chini ya mashine, na neno lile refu lisionekane. Akainamisha kichwa, akalitoa kwa sauti ndogo.

"Mama, mimi sijui kusoma. Najua kuandika jina langu tu."

Mama Mwenye Nyumba akacheka kicheko kibaya. "Hujui kusoma! Dirisha la jiko langu si hilo hapo? Kila Jumapili naosha vyombo nikikusikia unamsomea mama yako barua za kaka yako. Ukurasa mzima, bila kukwama! Mpaka na mimi huwa nalia kwenye masufuria!"

Mama Cherehani akamtazama mama yake kitandani. Kaka yake hajaandika neno miaka sita. Zile barua zilikuwa karatasi tupu za kukatia mifano ya kola na mikono, na maneno yote aliyatunga yeye, kila Jumapili, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye macho yake siku hizi yanaona vya mbali tu.

Na mtu huyo alikuwa anasikiliza. Bibi akajiinua kwa kiwiko, uso umemng'aa.

"Anasoma vizuri sana mwanangu huyu, msimwonee. Na kaka yake anaandika vizuri zaidi." Akapapasa chini ya mto, akatoa mafungu ya karatasi yaliyofungwa kwa utepe wa kitambaa, akachomoa ya juu. "Hii ndiyo ya mwisho, anayosema anarudi. Lakini asisome yeye, mtasema anajitetea. Asome karani, ana miwani."

"Mama, hapana," Mama Cherehani akasema.

Karani akaivaa miwani yake vizuri, akanyoosha mkono kuipokea.